Maziwa ya mama na ukimwi: Usiishie kwenye utafiti mmoja

JE, msomaji, umewahi kusikia ikisemwa kwamba mama mwenye virusi vya ukimwi hafai kamwe kumnyonyesha mwanawe? Wengi wangali wanaamini hivyo. Neno hili halikuzuka tu. Lina chanzo chake, na sehemu ya chanzo hicho iko hapa hapa Nairobi.

Kati ya 1992 na 1998, Profesa Ruth Nduati, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake waliwafuatilia akina mama 425 wenye virusi kutoka kliniki nne za waja wazito jijini. Baadhi yao walipangiwa kunyonyesha na wengine kutumia maziwa ya kopo. Wote walikuwa wakipata maji ya mfereji yaliyosafishwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2000 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Kufikia umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 20.5 katika kundi la kopo. Hata hivyo, vifo vya watoto katika makundi hayo mawili havikutofautiana sana. Jambo hili la pili husahauliwa mara nyingi.

Kutajwa si kusifiwa

Watafiti wengi duniani wameitaja makala hiyo katika maandishi yao. Huko vyuoni, kazi ya mtafiti hupimwa kwa njia hiyo: amechapisha makala ngapi, na wenzake wamezitaja mara ngapi. Mwaka wa 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo rahisi. Ikiwa mtafiti ana makala 30, na kila moja imetajwa angalau mara 30, alama yake ni 30.

Lakini hesabu hiyo haisemi makala ilitajwa kwa nini. Anayeikubali huitaja, na anayeipinga pia huitaja.

Chukua mfano huu. Mwaka wa 2001 kikundi hicho cha Nairobi kiliripoti katika jarida la Lancet, la Uingereza, kwamba akina mama waliopangiwa kunyonyesha walifariki kwa wingi kuliko wenzao wa maziwa ya kopo. Habari hiyo ilitia hofu. Watafiti wengine walipochunguza takwimu za akina mama wa kwingineko, hawakuiona tofauti hiyo. Wao pia waliitaja makala ya Nairobi, na kila mara hesabu iliongezeka.

Dawa zimebadilisha mambo

Akina mama wa utafiti ule wa kwanza hawakuwa na dawa za kupunguza makali ya ukimwi kama zilizopo leo. Hapo ndipo penye tofauti kubwa.

Utafiti ulioitwa Kesho Bora, uliofanywa Mombasa, Nairobi na pia Burkina Faso na Afrika Kusini, uliwapa akina mama mchanganyiko wa dawa tatu wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Matokeo yake ya 2011 yalionyesha kwamba watoto walioambukizwa kufikia mwaka mmoja walikuwa asilimia 5.4. Katika kundi lililopewa dawa kwa muda mfupi, walikuwa asilimia 9.5.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayemeza dawa zake sawasawa anyonyeshe kwa angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi miaka miwili au zaidi. Miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila uji wala maji.

Kwa hiyo utafiti wa Nairobi haukukosea. Ulionyesha hatari ilivyokuwa kabla dawa hazijapatikana, na tafiti za baadaye zikaonyesha namna ya kuipunguza.

Basi, ukisikia kwamba utafiti fulani umetajwa sana, uliza maswali matatu: Ulifanywa lini? Waliochunguzwa walikuwa katika hali gani? Waliofuata walipata nini?

Na ikiwa wewe, dadako au jirani yako ananyonyesha akiwa na virusi, asikatize dawa wala asiache kunyonyesha kwa sababu ya maneno ya mtaani. Aende kliniki, azungumze na muuguzi, apimwe kiwango cha virusi, na mtoto apimwe kwa tarehe alizopangiwa.