Sahani Isiyorudi Jikoni

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina sahani, na ni ya kweli.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, kule Kongo. Mjini Beni wagonjwa walitengwa, wengine katika vyumba vya plastiki nyangavu kama kioo ili ndugu zao wawaone usoni. Chakula kiliingia kwa wagonjwa, sahani haikutoka. Hata makombo yalichomwa moto.

Mtaniuliza: babu, mtu anayetapika na kuhara apelekewe chakula cha nini? Mwili unaopigana na virusi ni kama mpishi ambaye moto wake hauzimwi usiku wala mchana. Akiishiwa kuni hung'oa milango ya nyumba yake mwenyewe. Ndivyo mwili wenye njaa unavyokula misuli yake, hata ile ya kuvutia pumzi.

Maji hutangulia. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita 5 na zaidi kwa siku. Huyo hutundikiwa dripu. Anayeweza kumeza hupewa maji ya chumvi na sukari. Yale ya nyumbani mnayajua: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msidhani sukari imewekwa kubembeleza ulimi! Ndiyo inayoishika chumvi mkono wakavuka pamoja ukuta wa utumbo, na maji yakawafuata nyuma.

Kisha uji, kidogo kidogo, mara nyingi. Lakini koo linauma, hamu hakuna, na mkono hauwezi kuinua kijiko. Muuguzi naye, ndani ya yale mavazi ya kujikinga, joto humtoa mapema. Basi wakaitwa waliokwisha kupona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Wakakaa kando ya vitanda, wakalisha wenzao, wakiwaambia, "Hata mimi nililala hapa." Mimi watu hao nawahesabu miongoni mwa dawa.

Na vichanga? Virusi huweza kupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo mama mgonjwa hanyonyeshi. Karibu na kituo cha matibabu cha Beni palikuwa na nyumba ya watoto, na waliopona ndio waliowapakata na kuwapa maziwa ya kopo. Mama akipona, maziwa yake hupimwa. Yakionekana safi mara mbili mfululizo, mtoto hurudishwa titini.