Pweza wa Forodhani ana bei mbili

Na Mwandishi Wetu, London

Mzanzibari aliyekaa nje miaka mingi, akitaka kujua kama kwao bado anahesabiwa mtu wa nyumbani au ameshakuwa mgeni, hana haja ya kwenda Uhamiaji kuuliza. Na ateremke Forodhani baada ya Magharibi, asimame mbele ya meza ya pweza, aulize bei.

Kwa wale wasomaji wetu walioondoka zamani, Forodhani ya leo siyo ile ya karabai na vibao vya kukalia vilivyovunjika miguu. Bustani ile ilifungwa mwaka 2008, ikafanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena ikiwa na njia zilizosakafiwa, taa na sehemu maalumu ya wauza vyakula. Wapishi wengi siku hizi huvaa makoti meupe na kofia ndefu kama za hoteli. Jua linapozama meza zinapangwa: mishkaki ya nyama, ya kuku, ya nguru na ya jodari, makucha ya kaa, kamba, kamba kochi, pweza aliyekatwa vipande, muhogo wa kuchoma, kachori, sambusa, ajemi, na pembeni mashine ya miwa inayosaga pamoja na ndimu na tangawizi. Ipo pia ile wanayoiita “piza ya Zanzibar”, ambayo si piza hata kidogo, ni chapati nyembamba iliyokunjwa ndani yake nyama ya kusaga, yai na vitunguu, au kwa wanaopenda utamu, ndizi na chakleti. Nyuma yako Ngome Kongwe, na ubavuni Beit al-Ajaib ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020. Mandhari hii ndiyo inayouzwa. Pweza ni kisingizio tu.

Sasa tuje kwenye bei. Kwenye meza nyingi bei haikuandikwa popote. Mteja anapewa sahani, anaambiwa achague kwanza, hesabu itakuja baadaye. Mgeni wa watu anachagua kijiti hiki na kile, muuzaji anamwongezea kipande cha hiki na cha kile kwa ukarimu mkubwa, na mgeni anadhani ni zawadi. Chakula kikishapita motoni na kurudi kwenye sahani ndipo hesabu inapotajwa. Pengine kila kipande kina bei yake. Pengine bei aliyoisikia mwanzo ilikuwa ya kijiti kimoja, yeye akadhani ni ya sahani nzima. Pengine inatajwa kwa dola na chenji ikarudi kwa shilingi, kwa kiwango anachokijua muuzaji peke yake. Na kama mgeni ameletwa na papasi (jina hilo wenyeji walilitoa kwa yule mdudu mnyonya damu, na hawakukosea), basi ndani ya bei hiyo imo na haki ya papasi. Mgeni afanye nini? Chakula kimeshapashwa, watu wanatazama, naye hajui lugha. Analipa.

Wazungu wamelalamikia mambo haya kwa miaka, na vitabu vyao vya safari vinawaonya wasomaji waulize bei kabla ya kugusa kitu, na wawe macho na samaki aliyepashwa moto mara ya pili. Lakini makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya wazungu. Wao wana balozi zao.

Bwana mmoja ninayemfahamu, mzaliwa wa Mlandege anayeishi Milton Keynes, alikwenda nyumbani likizo ya Julai pamoja na mkewe na watoto watatu. Alipofika Forodhani alitangulia peke yake, akauliza kwa lafudhi ya Mji, akatajiwa pweza shilingi 5,000 sahani. Akaridhika, akageuka kuwaita watoto. Wakaja mbio, wamevaa kaptura na kofia za jua, wakizungumza kile Kiingereza chao cha skuli. Walipomaliza kula, hesabu ikaja: sahani ya baba 5,000, ya mama 5,000, za watoto 15,000 kila moja. Alipouliza kulikoni, alielezwa kwa heshima zote kwamba yeye ni wa hapa na bei yake amepewa, lakini hao watoto ni wageni.

Aliponisimulia alikuwa akicheka, kisha akaacha kucheka. Ile nyongeza ya 30,000 ilikuwa kiasi cha pauni tisa, na kwa pauni tisa hapa Uingereza hupati sahani moja ya samaki na chipsi. Fedha haikumuuma. Kilichomuuma ni kuwa amewachukua watoto maili elfu kadhaa ili waone kwao, na mtu wa kwanza kuwapambanua na baba yao akawa muuza pweza mbele ya bahari ile ile aliyojifunzia kuogelea.

Ndugu msomaji, ni rahisi hapa kumlaani muuzaji. Lakini hebu tujiulize, yeye amejifunza wapi kwamba watu wawili wanaokula kitu kimoja walipe bei mbili? Kwa miaka mingi boti ziendazo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja zimekuwa na nauli ya mwenyeji kwa shilingi na ya mgeni kwa dola 35, karibu mara tatu. Hifadhi za Serengeti na Kilimanjaro zina kiingilio cha raia cha maelfu machache ya shilingi, na cha mgeni cha makumi ya dola. Hoteli zina bei ya mkaazi na bei ya asiyekuwa mkaazi. Mwenye pasipoti ya Uingereza, awe amezaliwa Leeds au Jang'ombe, analipia viza dola 50. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa pia akate bima ya dola 44, hata kama kwao ana bima nyengine. Na sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ile hadhi maalumu ya diaspora iliyopitishwa Bungeni mwaka 2025 si uraia.

Kwa hivyo yule bwana wa Milton Keynes alipofika Forodhani alikuwa ameshaitwa mgeni kwenye ubalozi na uwanja wa ndege, kila pahala kwa risiti. Muuza pweza alikuwa wa mwisho kwenye foleni, tena yeye alau alimpa baba bei ya kwao.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo si ndogo. Nauli ya boti imeandikwa ukutani. Kiingilio cha hifadhi kimechapishwa, mtu anakijua kabla ya kupanda ndege, akiona ghali anabaki kwao. Bei ya Forodhani inaandikwa kwenye uso wa mteja. Muuzaji anasoma ngozi, viatu, simu na lafudhi, kisha anatamka.

Nimezungumza na watu waliofanya kazi pale, na hoja zao si za kupuuza. Watalii wanajaa Julai hadi Oktoba, kisha tena kuanzia Disemba. Mvua za masika zikianza, meza zinakaa na mishkaki ile ile mpaka usiku wa manane. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona walijua nini maana ya kukaa bila ya mgeni hata mmoja. Samaki nao hawanunui kwa bei ya Forodhani, wananunua mnadani, ambako wanashindana na wanunuzi wa hoteli wanaotaka nguru, pweza na kamba wale wale. Hoteli inampikia mtalii pweza huyo huyo, inamtoza mara nne au tano, inamwongezea kodi na huduma, na mtalii anatia saini bila ya kuuliza. Kwa nini aulize akifika kwa maskini?

Kuna jambo jengine ambalo wao wanalijua zaidi kuliko wachumi. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024, lakini wengi wao hulala Nungwi, Kendwa, Kiwengwa au Paje, katika hoteli ambazo chakula kimeshalipiwa tangu Ulaya. Mjini wanakuja siku moja, pengine jioni moja. Muuza urojo wa Michenzani akimzidishia mteja shilingi 500, kesho mteja haji, na mtaa mzima unaambiwa. Muuzaji wa Forodhani ana mteja ambaye hatomwona tena maisha yake yote. Kwake yeye jina zuri halina faida ya kesho, kwa sababu kesho anakuja mtu mwengine. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe, na unawapata watu wa kila rangi.

Venice, Januari 2018, wanafunzi wanne wa Kijapani walitozwa euro 1,100 kwa chakula cha nyama na samaki wa kukaanga, na mkahawa ule ukapigwa faini ya maelfu ya euro. Huko Qingdao, Uchina, Oktoba 2015, mteja aliona kwenye orodha kamba wa kukaanga yuan 38, akadhani ni sahani. Hesabu ilipokuja, ilikuwa yuan 38 kwa kila kamba mmoja, jumla yake zaidi ya yuan 1,500. Mkahawa ukatozwa faini ya yuan 90,000, lakini jimbo la Shandong, lililokuwa limetumia fedha nyingi kwenye matangazo ya televisheni kujisifu kwa ukarimu, likawa kichekesho cha nchi nzima. Yule mteja alikuwa Mchina mwenzao, ametoka Nanjing tu.

Mfano ulio karibu zaidi na Forodhani ni soko la Gwangjang la mjini Seoul, soko la vyakula vya mtaani. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilienea video ya wateja waliotozwa won 15,000 kwa sahani ya vipande vichache vya chapati za kukaanga. Jumuiya ya wafanyabiashara wa soko lile ilimfungia muuzaji siku kumi, na serikali ya mji ikatangaza kwamba bei iandikwe pamoja na kiasi: vipande vingapi, gramu ngapi. Wakasema pia watapeleka wateja wa siri wajifanye watalii. Hawakuwaambia wauzaji wawe wema. Walitaka maandishi.

Zanzibar haikosi vyombo. Ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ipo sheria ya mwaka 2018 ya kumlinda mtumiaji, lipo Baraza la Manispaa. Kibao cha mbao na chaki havihitaji mfadhili. Mimi sina ugomvi na bei mbili kwa kila hali. Kama jumuiya ya wauzaji wa Forodhani inaona mgeni achangie zaidi, basi iandike safu mbili, moja ya mwenye kitambulisho na moja ya asiyekuwa nacho, tuisome sote na tubishane nayo mchana. Naamini wataona haya kuiandika, na hapo ndipo watakapojua kama ni haki au si haki. Watasema kibao kitawaharibia maneno, kwani kupatana bei ni mila yetu. La hasha! Kupatana ni pale pande mbili zinapoijua bidhaa na mnunuzi anaweza kuondoka. Mtu aliyekwishatafuna pweza hapatani.

Wanaoumia zaidi hawamo kwenye video yoyote. Bei ya mwenyeji nayo haikuandikwa, kwa hivyo inapanda kimyakimya kila msimu ikiifuata ya mgeni, na haishuki masika ikifika. Anayetoka Pemba kwa lafudhi yake, Mbara aliyevaa vizuri, bibi aliyekuja na shoga zake wamejipamba, kila mmoja anapimwa kwa jicho. Zamani mtu wa Ng'ambo alikuwa akiwachukua watoto Forodhani jioni ya Ijumaa bila ya kuhesabu sana. Sasa wengi wanawapeleka sikukuu tu, wanakaa ukutani kutazama vijana wakijirusha baharini, wanawanunulia maji ya miwa, na chakula wanakwenda kula Darajani au Michenzani ambako urojo una bei moja. Bustani ilitengenezwa na mabaharia wa makoti meupe wamepangwa vizuri, lakini wenyewe wanapita kama wapita njia.

Diaspora nao wameshapata hila yao. Familia ikifika, wageni wote wanaachwa wamekaa mbali, chini ya miti, na mpwa aliyekulia Kikwajuni anatumwa na fedha akanunue. Watoto wanakatazwa kumfuata na kukatazwa kumwita kwa sauti. Nasikia msimu uliopita wauzaji nao wameanza kuzinduka: kijana akiagiza sahani saba za pweza peke yake, wanainua shingo kwanza, wanaangaza chini ya miti kuona nani amekaa huko, ndipo wanataja bei.