AC ya Gari Ikivuja: Ziba Tundu Kabla ya Kujaza Gesi

Madereva wengi wa Nakuru huikumbuka AC ya gari wakiwa safarini: wanaposhuka Marigat penye joto kali, au wanapopanda Mau Summit kwenye mvua na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Hapo ndipo hugundua kwamba hewa inayotoka haina baridi. Wengi huenda kwa fundi na kuomba ajazwe gesi. Baada ya wiki chache baridi hupotea tena, na pesa zimekwenda.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kutoka kompresa hadi kondensa iliyo mbele ya rejeta, kisha hadi ndani ya gari na kurudi. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira kadiri miaka inavyokwenda. Lakini gari linalodai gesi kila baada ya miezi michache lina mahali panapovuja.

Kwa nini huvuja

Mawe ya barabarani hugonga kondensa. Paipu ya alumini isiyofungwa vizuri husuguana na chuma hadi itoboke. Mipira hupasuka kwa joto la injini, na oringi za kwenye maungio hukauka.

Nakuru ina sababu yake pia. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya baridi AC hukaa miezi bila kuwashwa. Oili inayolainisha sili za kompresa husafiri pamoja na gesi. AC isipofanya kazi, sili hukauka na kuanza kuvuja. Madereva wanashauriwa kuwasha AC kwa dakika 10 hivi kila wiki, hata mwezi wa Julai.

Jinsi ya kutambua

Maji safi yanayodondoka chini ya gari AC ikiwa imewashwa si kasoro. Ni unyevu wa hewa uliopoa. Dalili ya kuvuja ni doa la oili lililonasa vumbi kwenye ungio au paipu, au kompresa inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Fundi huthibitisha kwa povu la sabuni, kwa rangi maalum inayong'aa chini ya taa ya zambarau, au kwa kifaa cha kunusa gesi.

Kutengeneza au kubadilisha

Ikiwa tatizo ni oringi, dawa ni kuweka mpya inayofaa aina ya gesi iliyomo, ikiwa imepakwa oili ya AC. Oringi ya kawaida ya maji haitadumu.

Mpira uliopasuka unaweza kukatwa na kuwekwa mwingine, vichwa vyake vikabanwa kwa mashine. Mpira huo uwe wa AC. Ule wa petroli hupitisha gesi.

Tundu dogo kwenye paipu ya alumini linaweza kuchomelewa na fundi aliyezoea alumini, baada ya gesi kutolewa na paipu kufunguliwa kutoka kwenye gari. Ikiwa paipu imeliwa na kutu au imepasuka kwenye ungio, ni afadhali kuibadilisha. Gundi haitashika: upande wa shinikizo kubwa hupita 200 psi kwa urahisi.

Mfumo ukifunguliwa, chupa ya kukausha unyevu nayo ibadilishwe. Unyevu ukichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula paipu kutoka ndani.

Kabla ya kujaza, mfumo hupimwa kwa nitrojeni kavu. Oksijeni isitumike kamwe, kwa kuwa ikikutana na oili chini ya shinikizo inaweza kulipuka. Kisha pampu hunyonya hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi. Kwa mwinuko wa Nakuru, geji ya kunyonya hewa hufika karibu inchi 24 za zebaki, si 30 kama ilivyo Mombasa. Pampu haijaharibika. Mwisho, gesi hujazwa kwa kupimwa uzito kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti.

Tahadhari

Gesi ya kupikia isitumike badala ya gesi ya AC. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha kuleta moto. Gesi halisi nayo ikigusa ngozi au jicho huunguza kwa baridi, na ikikutana na mwali hutoa moshi wa sumu. Fundi avae miwani na glavu. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme huhitaji oili yake maalum isiyopitisha umeme.

Kuachilia gesi hewani pia kuna gharama. R-134a, inayotumika katika magari mengi yaliyoko barabarani, haidhuru tabaka la ozoni, lakini kilo 1 huongeza joto la dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hii. Gereji yenye mashine ya kunyonya huihifadhi gesi badala ya kuimwaga.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

Inavujia wapi, na unaweza kunionyesha? Utatumia gesi gani, na gramu ngapi? Utanyonya hewa kwa muda gani? Je, chupa ya kukausha itabadilishwa?

Fundi asiyeweza kuonyesha mahali panapovuja hajawa tayari kujaza gesi. Mwenye gari ana haki ya kusubiri hadi paonekane, kwa kuwa gesi itakayojazwa juu ya tundu ni pesa yake inayopeperuka hewani.