Ulitafuta kwa neno gani?

MWANAFUNZI wa uzamili akiniletea pendekezo lenye sentensi ‘hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu mada hii’, humuuliza swali moja tu: ulitafuta kwa neno gani? Mara nyingi ni neno moja, aliloliandika mara moja, kwenye Google. Basi pengo hilo la utafiti huenda lisiwepo kabisa.

Hebu tuchukue tenzi. Ukiandika ‘utenzi’ katika katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mashine itakuletea rekodi zenye neno hilo. Kitabu kinachosema ‘utendi’, kama wasemavyo Waamu, kinaweza kukuponyoka. Ukiandika ‘Swahili’ kwenye sehemu ya anwani, utakikosa kitabu cha Ernst Dammann cha 1940 kuhusu tungo za Lamu, kwani Mjerumani huyo aliandika ‘Suaheli’.

Sasa nenda kwenye sehemu ya mada, uandike ‘Swahili poetry’. Hapa hutegemei tena neno alilolipenda mwandishi. Mkutubi amekipitia kitabu akakipa kichwa cha mada kutoka orodha maalumu, ambayo maktaba hiyo ilianza kuiandaa mwaka 1898. Ongeza ‘History and criticism’ na utasogea karibu na uhakiki, diwani zikae kando. (Naam, ni ‘Swahili’, si ‘Kiswahili’. Tupende tusipende, ndivyo walivyoamua.)

Utazijuaje istilahi hizo? Tafuta kitabu kimoja kizuri unachokifahamu, fungua rekodi yake, usome vichwa vya mada vilivyo chini, kisha ubofye. Wenzetu wa tiba wamezoea: katika PubMed, makala za mshtuko wa moyo hukusanywa chini ya ‘Myocardial Infarction’, mwandishi awe ametumia jina lipi. Ila makala mpya huenda bado haijapewa kichwa, kwa hiyo usiyatupe maneno ya kawaida.

Kwa tasnifu zetu za Kiswahili mambo ni magumu zaidi. Kijana anayeruka kutoka Kiswahili hadi Kiingereza katikati ya sentensi, huyu mtafiti atasema ‘anabadili msimbo’, yule ‘anahamisha msimbo’, mwingine ‘anahamisha ndimi’. Tasnifu tatu kuhusu jambo lilelile zinaweza kukaa katika hifadhidata moja bila kujuana. Hadi wanaisimu tukubaliane, jamani, andika yote matatu, kisha ujaribu na ‘code switching’.