Asidi Amino Zashindana Chini ya Sifuri

Kila protini, ya maharage hata ya misuli ya mkimbiaji, imeungwa kwa asidi amino. Zikiwa kavu huwa fuwele nyeupe zisizovutia macho. Zitumbukize kwenye baridi kali, na mashindano yanaanza!

1. Baridi ya kutisha
Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi Hutchens, Cole na Stout walipima joto linalomezwa na fuwele hizo kuanzia nyuzi 262 chini ya sifuri hadi 32 juu yake. Hizo 32 ni mchana wa Februari Dar es Salaam. Na kule chini? Rekodi ya baridi ya hewa duniani, Vostok huko Antaktika mwaka 1983, ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Maabara iliipita kwa zaidi ya nyuzi 170.

2. Jitu
Triptofani ndiyo nzito kuliko zote 20 za kawaida: moli moja, yaani idadi maalumu ya molekuli, ina gramu 204, glisini ndogo ina 75 tu. Kwenye nyuzi 25, kuipandisha moli ya triptofani nyuzi moja kunadai jouli 238. Glisini huridhika na 99.

3. Bingwa wa kweli
Sasa pima kwa gramu, na jitu linaanguka! Triptofani inabaki na jouli 1.17, nyuma ya glisini yenye 1.32. Lusini, asidi amino nyingine, inazipita zote mbili ikiwa na zaidi ya 1.5. Huo ndio ushindi ninaoupenda, maana uzito haukusaidia kitu. Hata hivyo maji, yenye 4.18, yanaiacha lusini mbali: joto la kupandisha kilo ya maji nyuzi moja lingeipandisha kilo ya lusini nyuzi 2.7 hivi.

4. Wabadilikaji
Fuwele za glisini za umbo liitwalo beta hugeuka hali karibu na nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kidogo tu kuliko friza la samaki. Sisteini, nayo asidi amino, hungoja hadi karibu 203 chini ya sifuri, na hata hapo haigeuki ghafla. Mabadiliko yake hujivuta polepole.

5. Mporomoko mkubwa
Karibu na sifuri kabisa, nyuzi 273.15 chini ya sifuri, inatawala kanuni ya mwanafizikia Peter Debye ya 1912. Fuwele ikitoka nyuzi 4 juu ya sifuri hiyo hadi 2, joto linalohitajika kuipandisha nyuzi moja halipungui nusu. Linabaki sehemu 1 ya 8!