Sura ya Saba: Ovari Haijaziba Masikio

Tuanzie shingoni. Kuna weusi unaojitokeza nyuma ya shingo, mara nyingine kwapani na kwenye mikunjo ya kinena, ngozi ikawa nene kidogo na laini kama mahameli. Wanawake hupigana nao kwa dodoki, kwa ndimu, kwa jiwe la kusugulia nyayo, na bado wakasemwa kwamba hawajui kuoga. Si uchafu. Insulini ikizidi damuni kwa muda mrefu huzichochea seli za ngozi kuota haraka kuliko kawaida, na sabuni haifiki huko.

Ninaanza na shingo kwa sababu mara nyingi mwenye shingo hiyo ni mwanamke ambaye hedhi yake huja mwezi huu ikapotea miezi mitatu, na huu ni mwaka wa pili anatafuta mtoto. Shingo ameipeleka kwa muuza vipodozi. Uzazi ameupeleka kwa wanaosafisha kizazi, au ameambiwa ana chango, au kwamba amefungwa na mtu wa karibu. Hakuna aliyemwambia kwamba shingo na uzazi vinatoa habari moja.

Ukila sahani ya wali, wanga wake huvunjwa kuwa glukosi na kuingia damuni. Kongosho huona sukari imepanda, nalo hutoa insulini. Insulini ni mbiu. Hupita kwenye misuli, kwenye ini na kwenye mafuta ikitangaza kwamba sukari imefika, fungueni mpokee. Misuli ndiyo yenye ghala kubwa kuliko zote, na kwa mtu mwenye usugu wa insulini, misuli hiyo ndiyo inayochelewa kusikia. Kongosho halina njia ila kupiga mbiu kwa nguvu zaidi. Linatoa insulini nyingi kupita kawaida, na mwishowe sukari inashuka. Ndiyo maana kipimo cha sukari cha asubuhi kinaweza kusoma vizuri kwa miaka, mtu akaambiwa hana tatizo akarudi nyumbani. Sukari iko sawa kwa sababu kongosho linafanya kazi ya ziada.

Hapa ndipo wengi hupotea. Tukisema mwili una usugu wa insulini, tunadhani mwili mzima umeziba masikio. Sivyo. Usugu umo hasa kwenye misuli, ini na mafuta. Ovari zimebaki na masikio yao. Mbiu iliyopandishwa sauti ili misuli isikie inazifikia ovari kwa sauti hiyohiyo, nazo zinaitii.

Zinaitii vipi? Ukuta wa kila foliko, yaani kifuko kidogo kinacholea yai, una tabaka la seli zinazotengeneza homoni za kiume. Hilo si kosa la maumbile: estrojeni ya mwanamke hutengenezwa kutokana na homoni hizo. Anayeziamuru seli hizo ni homoni ya LH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Insulini nyingi ikiungana na LH, amri huwa maradufu na testosteroni hupanda. Wakati huohuo ini, likiwa limezungukwa na insulini, hupunguza kutengeneza protini inayoshika homoni za jinsia damuni, kwa hiyo testosteroni iliyo huru huongezeka zaidi. Ndipo nywele zinaota kidevuni, zile za utosini zinapungua, na chunusi za ujana hazitaki kuisha mtu akiwa na miaka 30.

Katika mwezi wa kawaida kundi la foliko huanza kukua, moja huzitangulia nyingine, hufika milimita 20 hivi, hupasuka na kuachia yai. Penye insulini na homoni za kiume nyingi, foliko huanza safari lakini hakuna inayofika. Husimama zikiwa chini ya milimita 10, zimejipanga pembezoni mwa ovari kama shanga kwenye uzi. Mtaalamu wa ultrasaundi huziona, na karatasi ya majibu hutoka imeandikwa kwamba ovari zina vivimbe vingi.

Neno hilo limewaumiza wanawake kuliko ugonjwa wenyewe, na nalisema kwa uchungu. Mwanamke akisikia vivimbe hufikiria kisu, hufikiria saratani, au hununua chupa ya dawa ya kuviyeyusha. Hakuna cha kuyeyusha. Kila kimoja kati ya hivyo ni foliko iliyokwama, na ndani yake limo yai. Mayai hayajaisha, wala ovari haijaoza. Hata hali yenyewe, ambayo madaktari huiandika PCOS kwenye faili, inaweza kuwepo bila vivimbe hivyo kuonekana. Kigezo kilichokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 kinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi kwa dalili au kwa vipimo, na ovari zenye foliko nyingi. Kabla ya hapo tezi ya shingo na homoni ya prolaktini ziwe zimepimwa, maana nazo huvuruga hedhi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wana hali hii, na kwamba wengi wao hawajaambiwa.

Ilichukua muda mrefu kuunganisha kongosho na ovari, ingawa dalili zilikuwa wazi. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best walikuwa wakihangaika kuipata insulini kutoka kwenye kongosho la mbwa. Mwaka huohuo, Ufaransa, madaktari wawili, Achard na Thiers, walieleza kisukari cha wanawake wenye ndevu. Habari hizo mbili zingeweza kukutana. Hazikukutana.

Mwaka 1935, mjini Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal walieleza habari za wanawake saba ambao hedhi zao zilikuwa zimepotea na ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa foliko. Waliwafungua, wakakata kipande cha kila ovari chenye umbo la kabari, wakashona. Hedhi zilirudi kwa wote saba, na wawili wakashika mimba. Kwa miaka mingi baadaye kisu ndicho kilichokuwa tiba, hadi ilipoonekana kwamba makovu yake nayo yanaweza kuinasa mirija na kumzuia mwanamke asizae. Kwa nini kukata kulisaidia? Kulipunguza seli zinazotengeneza homoni za kiume. Walipunguza masikio, wakaiacha mbiu.

Mwaka 1980, watafiti wa Memphis huko Tennessee walionyesha kwamba kwa wanawake wenye PCOS, insulini na homoni za kiume hupanda pamoja. Swali likabaki: nani anamvuta mwenzake? John Nestler na wenzake walilijibu mwaka 1989 kwa njia rahisi. Waliwapa wanawake diazoksidi, dawa inayolizuia kongosho lisitoe insulini, na testosteroni ikashuka. Mwaka huohuo Andrea Dunaif na wenzake wakaonyesha kwamba usugu huu unawapata hata wanawake wembamba. Natamani kila daktari aliyewahi kumwambia mwanamke mwembamba kwamba hawezi kuwa na PCOS asome hilo. Halafu mwaka 1994, kutoka Mérida nchini Venezuela, zikaja habari za metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari: wanawake waliopewa kwa ajili ya PCOS insulini yao ilishuka, hedhi zikarudi kwa baadhi yao, na wengine wakapata ujauzito.

Furaha ikawa kubwa kupita kiasi. Metformini ikaanza kuandikwa kama dawa ya kushika mimba. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2007, wenye wanawake 626, ukairudisha mahali pake: waliopewa metformini peke yake, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 7.2, waliopewa klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, asilimia 22.5, waliopewa zote mbili, asilimia 26.8, tofauti ambayo haikutosha kusema kwamba kuchanganya kunashinda klomifeni. Mwaka 2014 ukaja utafiti mwingine wenye wanawake 750. Letrozoli, dawa iliyoanzia kwenye saratani ya matiti, ilileta watoto kwa asilimia 27.5, na klomifeni kwa asilimia 19.1. Ndiyo maana leo, kwa mwenye PCOS ambaye yai lake halipevuki na hakuna kizuizi kingine, letrozoli ndiyo dawa inayotajwa kwanza. Humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, chini ya macho ya daktari. Metformini bado ina kazi, hasa kwa ambaye sukari yake imeanza kupanda. Huanzwa kwa kipimo kidogo pamoja na chakula, vinginevyo tumbo huasi.

Lakini dawa hizi za kupevusha mayai haziishushi mbiu. Zinaisukuma ovari ifanye kazi katikati ya kelele. Anayetaka kelele yenyewe ishuke aende kwenye misuli, na hapa maumbile yameacha mlango wa pembeni: msuli unaofanya kazi huipokea glukosi bila kuisubiri insulini. Ukitembea dakika 20 baada ya chakula cha usiku, mapaja yako yanachukua sukari yenyewe, na kongosho linapumzika. Kubeba ndoo, kupanda ngazi, kulima bustani, vyote vimo. Simwambii mtu aache ugali. Ninamwomba aangalie siku yake tangu alfajiri: chai yenye vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, soda saa nne, sahani ya wali mchana na maharage yamewekwa pembeni kama kitoweo cha aibu, juisi jioni. Kongosho la mtu huyo halijanyamaza tangu kulipokucha. Maharage, samaki na mchicha vikichukua nusu ya sahani, na vinywaji vya sukari vikaondoka, hapo kuna mabadiliko ya kweli. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, mara nyingi hutosha yai kuanza kupevuka tena. Na yai huja kabla ya hedhi. Yupo anayeshika mimba akiwa bado anasubiri kuona siku zake.

Kwa upande wa vipimo, usihangaike sana kutafuta kipimo cha insulini. Majibu yake hutofautiana mno na hayamsaidii daktari kuamua. Kinachofaa ni kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa sukari tena baada ya saa mbili, na kifanyike kabla ya kuanza kutafuta mimba. Mume naye apimwe mbegu wiki ileile. Nimeona kipimo hicho kikiahirishwa miaka, mke akimeza kila kitu kilichomezeka, kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kumwambia mzee wa nyumba.

Mimba ikishika, habari ya insulini haiishii hapo. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya misuli ya mama iwe sugu zaidi kwa insulini, na safari hii ni kwa makusudi: sukari ikikawia damuni, mtoto anapata cha kula. Kwa mama wengi kongosho huongeza kazi na mambo yanakwenda. Aliyeingia kwenye mimba akiwa na usugu tayari, kongosho lake halina akiba kubwa ya kuongeza, na kisukari cha mimba humnyemelea. Kwa hiyo kati ya wiki ya 24 na ya 28, hata kama anajisikia mzima, arudi maabara asubuhi bila kula, anywe tena ile glukosi tamu ya kuchefua, na akae benchi saa mbili, mkono juu ya tumbo, akisubiri kuitwa.