Mtoto wa Miaka Miwili Anashindaje Nyumbani?



Katika matoleo yaliyopita tumeandika sana juu ya visima, mbegu bora na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya mtu mdogo ambaye haonekani katika taarifa zetu nyingi. Ni mtoto aliyekwisha kuanza kutembea lakini hajafikia umri wa chekechea, yaani mwenye mwaka mmoja hadi mitatu. Mama anapokuwa shambani, mtoto huyu anashinda na nani, na anafanya nini tangu asubuhi hadi jioni?

Swali hili tulirudi nalo kutoka Milepa. Kwa wahisani wetu wasioyafahamu maeneo haya, Milepa iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini ni juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi mtu huvaa sweta. Ukiteremka ukingo wa Ufipa unafika kwenye joto, kwani ziwa lenyewe liko kwenye mita 800 hivi. Huko watu hulima mahindi, mpunga na ufuta. Mvua zikishaanza, kwa kawaida mwezi Novemba, kila mwenye nguvu yuko shambani, na mashamba ya mpunga mara nyingi yako mbali na nyumba.

Tulikaa katika uwanja wa nyumba moja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, bila kufanya semina yoyote, tukitazama tu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mlezi wake alikuwa dada yake mwenye umri wa miaka tisa hivi, ambaye sare yake ya shule ilikuwa imetundikwa ndani. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, kwa hiyo kilichomzuia binti huyu hakikuwa ada. Alikuwa amebeba kilo kumi mgongoni.

Tuliyoyaona ni haya. Kwa kitambo kirefu, karibu nusu saa, mtoto alikuwa akitia magunzi ya mahindi ndani ya kidumu kilichokatwa mdomo, kisha anayamwaga, kisha anayatia tena. Hakuchoka. Kila gunzi lilipoingia aligeuka kumtazama dada yake. Dada akicheka, aliendelea. Dada alipokwenda kuchota maji, magunzi yaliachwa pale pale na kilio kikaanza. Bibi wa nyumba ya jirani alitueleza kwamba wao wanajua siku zote kuwa mtoto wa namna hii hatulizwi na kitu, anatulizwa na mtu. Wataalamu hulieleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi, nasi tunadhani bibi amelisema vizuri.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kuwa mtoto mdogo akilishwa na kusafishwa, kazi imekwisha, na michezo ni ya kupotezea muda. Sivyo. Anapotia na kutoa, anapopanga vikombe kimoja juu ya kingine, anapopiga sufuria kwa mwiko au kubeba kata ya maji kumpelekea mama, anajifunza ukubwa, uzito na sauti, na anajifunza kwamba akifanya jambo linatokea jambo. Vyombo vyote hivyo vimo jikoni. Kinachohitajika ni mlezi kukaa chini kidogo, kumpa kimoja au viwili badala ya rundo, kumtajia jina la kila kitu, na kuvibadilisha anapoanza kuvitupa. Umri huu hauwezi kushikilia jambo moja kwa muda mrefu, na huo si utundu. Wapo wanaotuuliza kama mtoto aongeleshwe kwa Kifipa au kwa Kiswahili. Jibu letu ni lugha ambayo mlezi anaiongea bila kutafuta maneno.

(Mjini tumeanza kuona simu ikifanya kazi ya yaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto mwenye mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya kioo, na mwenye miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.)

Kuna ushahidi ambao tungependa kamati za usharika zijue, hasa zinapopanga bajeti. Mwaka 1986 na 1987, huko Kingston, Jamaika, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki, kwa muda wa miaka miwili. Mhudumu alicheza na mtoto mama akiwepo, akimwonyesha mama namna ya kuzungumza naye, akaacha pale vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, na wiki iliyofuata akavibadilisha. Watoto wengine walipewa chakula cha nyongeza chenye maziwa. Miaka 20 hivi baadaye walitafutwa wakiwa watu wazima, na mwaka 2014 matokeo yalichapishwa: waliochezewa na kuongeleshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuleta tofauti hiyo.

Tunaitaja Jamaika kwa sababu watoto wale walikuwa wamedumaa, na Rukwa tunalifahamu neno hilo. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine mahindi, lakini katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Msisome matokeo ya Jamaika kana kwamba chakula hakina maana. Mtoto wa umri huu ana tumbo dogo na anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati. Pale Milepa alikula ugali uliolala, kisha hatukuona kingine hadi tulipoondoka. Mlezi wa miaka tisa hapiki uji wenye karanga, na wala hatungependa awashe moto.

Kwa upande wa usalama tunasema machache tu kwa kuwa wengi mnayajua. Mafiga yazungushiwe kizuizi. Ndoo ya maji ifunikwe, kwani mtoto akitumbukia kichwa hawezi kujiinua. Mafuta ya taa na dawa za mimea visihifadhiwe kamwe katika chupa za soda. Na chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwa mtoto, kama punje za mahindi, karanga nzima au sarafu, si cha kuchezea.

Sasa tuje kwenye jengo. Kamati mbili zimetuomba dayosisi itafute mhisani wa kujenga kituo cha kulelea watoto mchana. Tunaheshimu nia hiyo, lakini hatukuipeleka mbele, na ni haki mjue sababu. Kituo ni lazima kisajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinahitaji walezi waliofunzwa, na wanapaswa kulipwa kila mwezi hata baada ya mhisani kuondoka. Aidha, mama anayelima mbali hatapita kwanza kituoni na mtoto wa mwaka mmoja. Tumewahi kupokea pia sanduku la vitu vya plastiki vya kuchezea kutoka kwa marafiki wema. Mara ya mwisho tulipoliona lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ili visiharibike.

Tunachopendekeza ni kidogo zaidi. Akina mama watatu au wanne wa jirani wapeane zamu, kama wanavyolimiana mashamba: siku moja mmoja anabaki na watoto na kupika uji, wengine wanakwenda, na msichana wa miaka tisa anakwenda shule. Kila mtaa uchague watu wawili wa kutembelea nyumba hizo kila wiki, wakifundishwa na wahudumu wa afya. Serikali nayo ilizindua, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26, kwa hiyo ofisi za maendeleo na ustawi wa jamii si wageni wa jambo hili.

Marafiki wanaotaka kusaidia, hatuhitaji sanduku jingine. Tunahitaji baiskeli kwa wanaotembelea, sabuni, na karanga za uji kwa miezi ya kilimo. Kwa kamati za mitaa ya bondeni, tunaomba mtuorodheshee nyumba zenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anayebaki na mwenzake wa umri wa shule. Andikeni pia darasa la huyo mkubwa. Orodha zitufikie kabla ya mvua za kwanza.